Adui wa Mazoezi

Siku ya kuchagua watakaoingia uwanjani, binti wa msusi alifika shuleni amekata kucha zake fupi kabisa, kwa kuwa aliamini kucha ndefu zinamchelewesha kwenye rimoti. Alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, mwepesi wa mdomo na mwepesi zaidi wa hasira, na muhula mzima hakuwa na jambo jingine kichwani ila roboti. Mama yake alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu wangu hata akiota, anaota skrubu."

Klabu ya roboti ya shule yao ilikuwa na wanafunzi wanne na stoo moja. Zamani stoo hiyo ilikuwa ya madawati mabovu. Madawati yalisogezwa upande mmoja, yakapandishwa moja juu ya jingine mpaka karibu na dari, na sakafu iliyobaki ikabandikwa utepe mweupe kuonyesha mipaka ya uwanja. Mashindano yenyewe hayana ugumu kuyaeleza. Roboti mbili zinaingia uwanjani, kuna mipira midogo imetawanywa chini, na kila roboti inajitahidi kuiokota mingi iwezavyo na kuitumbukiza kwenye kapu lake kabla kengele haijalia. Kusukumana ruhusa. Kumpindua mwenzako, marufuku.

Mkubwa wa wale wanne alikuwa kijana wa kidato cha nne waliyemwita Nahodha, mrefu, mtaratibu, asiyeweza kuondoka mahali bila kurudisha kila kitu kilipokuwa. Wa pili aliitwa Kimya. Yeye ndiye aliyeandika programu za roboti kwenye kompyuta ya klabu, na mtu angeweza kukaa naye siku nzima akaondoka hajui sauti yake inafananaje. Wa tatu alikuwa msichana mwenye mikono ya kazi, fundi wao wa vyuma, ambaye alichomeka bisibisi kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kitana. Basi naye akaitwa Bisibisi. Wa nne alikuwa huyu wetu. Wakati huo hakuwa na jina la utani, alikuwa binti wa msusi tu.

Msimamizi wao alikuwa mwalimu wa michezo. Mwalimu wa fizikia aliyeanzisha klabu alihamishwa katikati ya mwaka, na mkuu wa shule alipoingia ofisi ya walimu kutafuta wa kumrithi, walimu wote waliinamia vitabu vyao kwa ghafla. Mwalimu wa michezo hakuwa na kitabu mbele yake. Ndivyo alivyoipata klabu. Siku ya kwanza aliingia stoo na filimbi yake shingoni, akaizunguka ile roboti kama mtu anayezunguka ng'ombe asiyemjua, akasema, "Roboti mtanifundisha nyinyi. Mimi ninachojua ni timu." Tangu siku hiyo, akiwa hayupo, walimwita Filimbi.

Kanuni za mashindano ziliruhusu wanafunzi watatu tu kwenye sakafu ya uwanja. Kimya na Bisibisi hawakuwa na wa kuwabadilisha. Kwa hiyo nafasi iliyogombewa ni ya dereva, na waliokuwa wakiitaka ni Nahodha na binti wa msusi. Filimbi hakutaka maneno. Aliwaweka mmoja baada ya mwingine mbele ya roboti yao mpya, waliyoipa jina la Mshale, akapuliza filimbi, akahesabu mipira. Nahodha alimzidi kwa mipira miwili.

"Tumemaliza," akasema Filimbi. "Nahodha ataendesha."

Binti wa msusi aliiweka rimoti mezani polepole, kwa adabu ya kutisha, akatoka nje bila kuaga.

*

Saluni ya mama yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na draya moja iliyokuwa ikinguruma kama mzee aliyelala chali. Alipoingia, mama alikuwa nyuma ya kichwa cha shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa hakosi kuja kusuka, hata kama misuko ya mwanzo bado ilikuwa mipya. Watu walisema shangazi hakuja kusuka nywele, alikuja kusuka habari.

"Nimeacha klabu," akasema binti.

Vidole vya mama havikusimama. "Umeacha au umeachwa?"

"Ni yale yale."

"Si yale yale. Aliyeachwa anasubiri kuitwa. Aliyeacha amefunga mlango mwenyewe, na ufunguo ameutupa."

"Ufunguo ninao," binti akajibu, na kweli alikuwa nao mfukoni, maana yeye ndiye aliyekuwa akifungua stoo kila siku. "Kesho nitaurudisha."

Shangazi alitaka kugeuka, mama akamrudisha kichwa kwa kidole kimoja. "Amekushinda nani?" akauliza shangazi akiongea na kioo.

"Nahodha. Kwa mipira miwili, shangazi! Miwili tu! Na mmoja ulikwama kwenye utepe."

"Basi amekushinda," akasema shangazi. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mwanangu. Mimi nilishindwa na wifi yako hapa kwa maneno, na bado tunakaa chumba kimoja."

"Wifi yake au wifi yako?" akauliza mama.

"Kaza huo msuko, usinitoe kwenye mada."

Binti alitaka kucheka lakini alikuwa ameapa kukasirika, kwa hiyo akachukua fagio akaanza kufagia kwa nguvu, akizipeleka nywele kila upande isipokuwa kwenye kizoleo.

*

Kesho yake alimkuta Filimbi kwenye uwanja wa nyuma akijaza mipira upepo. Alimnyoshea ufunguo. Mwalimu hakuupokea.

"Unajua kwa nini timu yangu ya mpira wa pete ilishinda mwaka ule?" akamuuliza, bado anasukuma pampu.

"Kwa sababu walikuwa wazuri, Mwalimu."

"Walikuwa wa kawaida. Lakini timu yangu ya pili ilikuwa na wasichana wakorofi. Kila siku ya mazoezi waliwabana wale wa kwanza mpaka wakalia. Siku ya mashindano, wale wa kwanza walipokutana na wageni waliona kama wanacheza na watoto." Akachomoa pampu. "Nahodha anaokota mipira vizuri, lakini anaiokota akiwa peke yake. Hakuna anayemsukuma. Siku roboti nyingine itakapomkaba sijui atafanya nini, na yeye pia hajui. Ninahitaji adui."

Binti aliushusha mkono wenye ufunguo.

"Kwenye kabati kuna ile roboti ya mwaka jana. Mbovu, najua. Itengeneze. Iendeshe. Wapige."

"Niwapige kiasi gani?"

"Kadiri mikono yako itakavyoweza."

Kwa mara ya kwanza tangu jana yake, binti wa msusi alihisi kifua kinafunguka. Sitaki kumsingizia wema ambao hakuwa nao. Hakukubali kwa ajili ya timu. Alikubali kwa sababu aliiona sura ya Nahodha akishindwa mbele ya wote, na sura hiyo ilimpendeza mno. Akaurudisha ufunguo mfukoni.

*

Roboti ya mwaka jana ilikuwa pana, nzito na fupi, na kwa mwendo wake walikuwa wameiita Kobe. Tairi moja ilikuwa imepasuka, waya zake zimeliwa na panya, na mkono wake wa kuokotea mipira ulikuwa umenyofolewa ili kutengenezea mkono wa Mshale. Binti aliibeba hadi saluni ndani ya beseni la kuoshea nywele, akaiweka kwenye kona chini ya kioo, na kila jioni baada ya masomo akakaa sakafuni miguu ameikunjia, akiunga waya huku wateja wakimruka.

Wateja walimzoea haraka. Kila mmoja alikuwa na ushauri. Mmoja alitaka Kobe afundishwe kuleta chai. Mwingine aliuliza kama anaweza kumfuatilia mume. Shangazi, aliyeanza kuja hata siku zisizokuwa zake, alisema kitu chenye tumbo chini namna ile hakipinduki hata ukikisukuma na ng'ombe, kama yeye mwenyewe.

Siku Kobe alipotembea kwa mara ya kwanza, alivuka sakafu vizuri, akageuka chini ya kiti, akapita katikati ya nywele bandia zilizokatwa, kisha akakoroma na kusimama. Rasta zilikuwa zimejisokota kwenye ekseli mpaka gurudumu likafungika kama limefungwa kamba. Binti alizivuta, zikazidi kukaza.

"Toka hapo," mama akasema. Alipiga magoti, akachukua kimkasi chake cha kukatia nyuzi, akaanza kuzikata moja moja, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. "Hili dude lako likila nywele za wateja wangu tena, nitalisuka."

Lakini baada ya siku hiyo alianza kufagia mapema kabla Kobe hajashushwa kwenye beseni, na mteja akichelewa kuondoka, mama alimwambia, "Dada, samahani, inua miguu, mwanangu ana kazi."

Kobe hakuwa na mkono wa kuokota. Hilo lilimsumbua binti kwanza, kisha likampa wazo. Asiyeweza kuokota anaweza kuzuia. Alimfunga mbele bamba la chuma lililopinda kidogo, la kusukumia mipira hadi kapuni na la kumsukumia mtu nalo. Akafanya mazoezi ya kukata njia, kumtangulia mwenzake kwenye kona, kukaa mbele ya kapu lake kama mgeni asiyeaga.

*

Pambano la kwanza ndani ya stoo halikuchukua muda. Mshale ulitoka kwa madaha, mwembamba, umepakwa rangi nyekundu, mkono wake mrefu umeinuliwa juu. Uliokota mpira wa kwanza, ukageuka kuelekea kapuni, ukamkuta Kobe amekaa njiani. Ukaenda kushoto, Kobe naye. Ukarudi kulia, Kobe yupo. Nahodha akaanza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, Mshale ukazunguka mahali pamoja, na mpira ukadondoka. Kobe akausukuma taratibu hadi kwenye kapu lake mwenyewe.

Kengele ilipolia, Bisibisi alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Nahodha alikuwa mwekundu wa macho.

"Hakuna timu inayocheza hivyo," akasema.

"Umezunguka timu zote ukaziona?" akauliza binti.

"Huyu sasa ni adui," akasema Bisibisi, nusu anacheka, na jina likamganda. Kuanzia hapo shule nzima ilimwita Adui. Hata mama wa kantini alimwita, "Adui, njoo uchukue chenji yako."

Wiki zilipita, na Nahodha alishindwa, akashindwa tena, kisha akaanza kushindwa kwa taabu. Alijifunza kutoka kwenye kona kwa kurudi nyuma kwanza. Alijifunza kudanganya kwenda upande mmoja na kukata upande mwingine. Siku alipompita Adui safi kwa mara ya kwanza, alipiga kelele ambayo hakuna aliyejua anayo. Adui naye akatafuta ujanja mpya, akalala na ujanja huo, akaamka nao. Kulikuwa na jioni ambazo wote wanne walisahau chuki na kuchelewa chakula cha jioni kwa sababu kila mmoja alikuwa akisema, "Mara moja tu zaidi." Hata Kimya alisikika akisema "lo!" kwa sauti.

Lakini Nahodha hakuwa amemsamehe, wala Adui hakuwa amesamehe ile mipira miwili.

*

Mashindano yalipokaribia sana, wakiwa katikati ya pambano, Mshale ulibanwa kwenye pembe ya uwanja, mkono wake ukiwa juu kabisa na mpira mdomoni. Kobe alikuwa ameukandamiza ubavuni. Adui aliisikia mota ya ule mkono ikilia sauti nyembamba, kama mbu. Aliuona mkono ukipinda dhidi ya mguu wa dawati. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe cha kwenda mbele. Akakiacha pale pale.

Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kuvunja njugu. Mkono wa Mshale ulining'inia, moshi mwembamba ukatoka kwenye mota.

Bisibisi alipiga magoti, akashika kile kipande kilichovunjika akakitazama upande huu na upande ule, kama mtu anayetumaini kwamba upande mmoja utakuwa mzima.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Nahodha. "Mwalimu, nilikwambia. Huyu hafanyi mazoezi. Huyu analipiza kisasi."

Filimbi alimtazama Adui. "Ulijua kwamba utavunjika?"

Angeweza kusema hakujua. Hakuna mwingine aliyekuwa na rimoti ile mkononi, hakuna ambaye angeweza kumbishia. Maneno "ilikuwa bahati mbaya" yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lakini alimwona Bisibisi pale chini, aliyekaa na ule mkono tangu ulipokuwa vipande vya bati, na akayaacha maneno yale.

"Nilisikia mota inalia," akasema. "Ningeweza kurudi nyuma. Sikurudi."

Filimbi alivuta pumzi. "Kucheza kwa nguvu nilikuruhusu mwenyewe. Ukimwona mwenzako anaumia ukaendelea, huo si mchezo. Kwangu mchezaji wa hivyo anatoka nje. Weka rimoti. Wiki hii huendeshi."

Adui aliiweka. Alitegemea kuambiwa aondoke kabisa, akajikuta anasubiri hapo mlangoni, mikono haina pa kukaa. Ndipo Kimya, aliyekuwa bado anatazama kompyuta yake, akazungumza. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

"Amefanya vibaya. Lakini mkono ule ungevunjika tu. Uko juu, mrefu, haukunjiki. Yeyote akitubana kwenye pembe siku ya mashindano, unavunjika, na tunarudi nyumbani. Bora umevunjikia hapa."

Nahodha alimgeukia kama mtu aliyeumwa na mto wake mwenyewe. Kisha akautazama Mshale muda mrefu, akakaa chini.

*

Walianza upya. Bisibisi alichora mkono mpya mfupi, wenye kiwiko, unaoweza kujikunja kifuani roboti inaposukumwa. Kimya akaandika programu ya kuukunja kwa kitufe kimoja. Adui alikatazwa kuendesha, hakukatazwa kushika tupa, basi alikata bati, akasugua kingo, akatoboa matundu, na hakuna aliyemsemesha isipokuwa kwa kazi. "Lete hiyo." "Shika hapa." "Si hapo." Alivumilia. Alijua mzigo ni wake.

Tatizo likabaki mota. Iliyokuwa kwenye mkono ilikuwa imeungua, na duka lililokuwa na mota za aina ile liliwaambia mzigo mpya utakuja baada ya mashindano. Bisibisi alijaribu mota ya feni mbovu. Mkono uliinuka kwa kasi, ukampiga Nahodha kidevuni. Walijaribu nyingine, ikashindwa hata kuinua mpira mtupu.

Adui alikuwa ameshalijua jibu tangu juzi yake. Mota mbili za magurudumu ya Kobe zilikuwa za aina ile ile. Alikuwa ameliona jibu hilo, akalizunguka, akajifanya halioni. Kobe alikuwa kazi ya mikono yake. Alimtoa kwenye kabati akiwa mzoga na kumfanya akimbie. Mota moja ikitoka Kobe hatembei tena, na yeye adui asiyekuwa na silaha ni nani? Mtazamaji tu.

Siku hiyo alirudi saluni, akamweka Kobe mbele ya kioo, akakaa mkabala naye. Mama alikuwa akikunja mataulo.

"Mama, ungekuwa na mkasi mmoja mzuri, na msusi wa jirani ana bibi harusi kitini, wake umevunjika, ungempa?"

Mama alifikiri kwa dhati. "Yule jirani? Ningemtukana kwanza," akasema. "Halafu ningempa. Bibi harusi kakosa nini?"

Kesho yake Adui alimweka Kobe juu ya meza ya stoo, akamgeuza chali, akaomba bisibisi. Bisibisi aliichomoa kwenye nywele, akamkabidhi bila kuelewa. Adui alipolegeza skrubu ya kwanza ya mota ndipo wote walipoelewa.

Nahodha alikuja akasimama upande wa pili wa meza. Skrubu ya tatu ilikuwa imeshika kutu. Aliishika bodi ya Kobe kwa mikono miwili ili isiteleze, Adui akakaza mkono, skrubu ikatoka.

"Pole kwa msiba," akasema Nahodha.

Adui alimtazama kuona kama ni dhihaka. Haikuwa. Basi wakaangua kicheko wote wawili, kicheko cha ajabu kidogo, cha watu waliochoka, na Filimbi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

*

Mashindano yalifanyika katika ukumbi mkubwa wa chuo, wenye dari ya juu na viti vya kupanda ngazi kwa ngazi. Watatu walishuka sakafuni wakiwa na fulana za shule. Adui alipanda juu na mfuko wa maji ya kunywa na chakula cha wenzake. Alipokaa na kuwatazama kwa mbali, wadogo kama vibonye vya rimoti, moyo wake ulimfanyia jambo la aibu: ulitamani washindwe. Si sana, kidogo tu, kiasi cha watu kuuliza mbona hawakumleta yule mwingine. Aliusikia moyo ukisema hivyo, akauambia nyamaza, ukanyamaza nusu.

Pambano la kwanza walishinda bila jasho. La pili walishinda kwa jasho. La tatu walipangiwa shule iliyokuwa na roboti pana, nzito, ya rangi ya njano, ambayo watu ukumbini walikuwa wameshaanza kuiita Tingatinga. Ilikuwa imewatoa wawili asubuhi hiyo kwa kuwabana tu mpaka muda ukaisha.

Filimbi ya mwamuzi ililia, na Tingatinga haikuhangaika na mipira. Ilikwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa Mshale na kuusukuma kuelekea pembeni. Ukumbi ukaguna. Adui aliiona pembe ile, akajua hatua inayofuata kama anavyojua njia ya nyumbani, kwa sababu ndiyo ambayo angeifanya yeye.

"Kunja!" akapiga kelele. "Kunja, rudi nyuma, zunguka!"

Haiwezekani Nahodha alimsikia. Kwa kelele za ukumbi ule, hata kama angekuwa na spika mdomoni. Lakini mkono wa Mshale ulijikunja kifuani, roboti ikarudi nyuma kidogo sana, kiasi cha upana wa kiganja, ikajizungusha, na Tingatinga ikaugonga ukuta wa uwanja kwa kishindo. Mshale ulikuwa umeshafika katikati, unaokota. Ulifanya vile mara ya pili, na mara ya tatu. Mara ya nne Tingatinga ilisita yenyewe kabla ya kusukuma, na Adui akajua kwamba mchezo umekwisha hata kama saa bado inakwenda. Alikuwa amesimama juu ya kiti. Hakukumbuka kupanda. Ile nusu ya moyo iliyobaki ilikuwa imenyamaza bila kuambiwa.

Nusu fainali walishindwa. Mpira wao wa mwisho ulizunguka ukingo wa kapu, ukafikiri, ukaangukia nje. Bisibisi alilia hadharani bila haya. Mechi ya kutafuta mshindi wa tatu walishinda, wakavishwa medali tatu, na Adui akazitazama zikimetameta shingoni mwa wenzake akazitamani kama mtu mwingine yeyote angezitamani. Alipiga makofi hivyo hivyo.

Watu walipokuwa wakitoka, msichana mmoja mnene mwenye fulana ya njano alipanda ngazi akitazama sura za watu. Alifika akasimama mbele yake.

"Mwalimu wenu amenielekeza huku. Mimi ndiye dereva wa Tingatinga." Alikuwa anahema. "Nimemuuliza yule kaka yenu nani alimfundisha kunitoroka, kaninyoshea kidole huku juu. Ni wewe uliyemfundisha?"

"Sikumfundisha," akasema Adui. "Nilikuwa nampiga tu. Kila siku."

Yule msichana alilifikiria jibu hilo kwa uzito, kama mtu anayepewa dawa na kuambiwa namna ya kuitumia.

"Basi likizo njoo utupige na sisi," akasema. "Tuna karakana nzuri, na mota ziko. Tunaweza kukuundia roboti yoyote utakayotaka, utuoneshe tunapovunjika."

Adui aliangalia chini kwenye sakafu. Nahodha alikuwa anaufunga Mshale ndani ya boksi, akiviringisha kila waya mara mbili na kuurudisha mahali pake. Aliinua kichwa, akamwona, akampungia mkono ashuke wapate kula, kisha akaonyesha tumbo lake ili Adui akumbuke kwamba mfuko wa chakula anao yeye huko juu.

"Nitamuuliza mama," akasema Adui.

Alimpigia hapo hapo kwa simu aliyoachiwa na Filimbi, akishuka ngazi na yule msichana. Upande wa pili draya ilikuwa inanguruma, na sauti ya shangazi ikiuliza, "Wamekuwa wa ngapi? Wa ngapi?"

"Wa tatu, mama. Na mama, nimepata kazi ya likizo."

"Kazi gani tena?"

"Kuna shule wanataka niende nikawapige."

Draya ilizimwa.

"Kuwapiga kwa roboti?" akauliza mama.

"Kwa roboti."

"Wanakupa chakula cha mchana?"

Adui alimgeukia msichana wa fulana ya njano akamuuliza, naye akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

"Wanatoa, mama."

"Haya," akasema mama. "Waambie utakuja. Lakini Jumamosi ni yangu, nina vichwa vitano." Kisha akasikika akiwageukia wateja wake na kuwatangazia kwa sauti kubwa, kabla hajakumbuka kukata simu, kwamba binti yake ameitwa na shule nyingine kwenda kufundisha.